Baba mdogo anasema Kijapani changu kinatosha, niache chuo

Mama, shikamoo.

Nina miaka 24, ni mzaliwa wa Morogoro, na sasa nipo Japani, mkoa wa Aichi, karibu na Nagoya. Niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu cha binafsi. Watu wa nyumbani wakisikia Japani wanadhani nasomea uhandisi au kompyuta. Hapana. Nasomea lugha ya Kijapani yenyewe: sarufi, fasihi, historia ya maandishi yao, hadi Kijapani cha kale ambacho wenzangu Wajapani nao wanakilalamikia.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Tangu hapo aliyetubeba ni baba mdogo. Yeye ameishi huku miaka mingi, ananunua magari minadani na kuyapakia bandari ya Nagoya kwenda Dar es Salaam. Mengine hupita tu Dar, yanaendelea Lusaka na Lubumbashi. Ndiye aliyenileta, akanilipia shule ya lugha, kisha chuo. Ada inakaribia yeni milioni moja kwa mwaka na hajawahi kuchelewesha. Mdogo wangu wa kiume yuko kidato cha tano, naye analipiwa na huyohuyo.

Baba mdogo anaongea Kijapani kama maji, tena kile cha mtaani, anataniana na madereva wa malori hadi wanacheka. Lakini kanji, zile herufi zao zenye asili ya Kichina, hasomi. Na biashara yake ni karatasi. Kila gari la mnadani lina karatasi ya ukaguzi: juu kuna alama za ubora, pembeni kuna mchoro wa bodi wenye herufi za kuonyesha mikwaruzo na mabonde, na chini kuna maelezo ya mkaguzi, yameandikwa kwa mkono, harakaharaka. Hayo ya chini ndiyo yanayokuambia kama gari liliwahi kuingia maji au lina kutu chini. Zamani alikuwa na mzee wa Kijapani aliyemsomea. Mzee amestaafu. Mwaka jana baba mdogo alinunua Noah iliyokuwa imezama kwenye mafuriko, maelezo yapo pale kwenye karatasi, hakuyaelewa. Hasara ile bado anaizungumzia.

Basi sasa msomaji wake ni mimi. Picha za karatasi zinaingia kwenye simu niko darasani, niko maktaba, nimelala. Jumamosi naenda yadi. Wiki mbili zilizopita aliniita, akaniambia ifikapo Aprili, mwaka mpya wa masomo unapoanza, nisijiandikishe tena. Maneno yake ni haya: "Kijapani ulichonacho kinatosha. Mimi nimekaa hapa miaka yote bila cheti. Hiyo ada tuiweke kwenye magari, na wewe utakuwa na sehemu yako."

Mama, kinachoniumiza ni kwamba huenda anasema kweli. Nimefaulu mtihani wa Kijapani ngazi ya N2, lakini N1, ngazi ya juu kabisa, imenishinda. Mwezi Desemba nilipata alama 94 na anayefaulu ni wa 100 kati ya 180. Kusikiliza nilifanya vizuri sana, kusoma ndiko kulikonizamisha. Darasani wengi ni Wachina, ukurasa wa kanji wanaupitisha macho mara moja wakati mimi bado niko mstari wa tatu. Katika mwaka wetu Mwafrika ni mimi peke yangu. Halafu Kijapani cha yadi kimeniingia mdomoni. Siku moja katika semina nilimjibu profesa kwa namna wanaume wanavyojibizana mnadani, darasa zima likanyamaza, kisha likacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini napenda masomo haya. Profesa wangu anataka tasnifu yangu ya mwaka wa nne ihusu lugha ya heshima, na amesema nifikirie shahada ya uzamili. Hakuna kitu kingine maishani ambacho nimekisoma bila kusukumwa.

Nilimpigia mama yangu mzazi simu saa tano usiku, kwao ilikuwa saa kumi na moja jioni, nikamweleza. Akasema tu, "Asante ya punda ni mateke, mwanangu. Usiwe hivyo." Kisha tukaongea habari za mvua.

Nimkatalie mtu aliyenisomesha? Au niache kitu ninachokipenda? Nakuomba unijibu kabla ya Aprili.

Binti wa Morogoro, Aichi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yote, na pole zaidi kwa ile simu iliyoishia kwenye habari za mvua.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, kisha nikawatafuta watu wawili waliosoma huko, mmoja wao bado yupo, kwa sababu mambo ya vibali vya Japani siyajui kwa kichwa na sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Kama nimekuelewa, hali yako ni hii: mtu aliyewalea wewe na mdogo wako baada ya msiba anakuhitaji kweli kweli, siyo kwa ujanja. Anachokihitaji ni kilekile alichokulipia ukipate, na anakitaka kabla hujamaliza kukipata. Wewe nawe unaona mbele yako njia mbili tu, moja ya shukrani na nyingine ya mapenzi ya masomo, kana kwamba ukishika moja umeitupa nyingine. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Nianze na jambo ambalo hukuligusa hata kwa mstari mmoja: kibali chako cha kukaa. Uko Japani kama mwanafunzi. Kibali hicho kimefungwa kwenye masomo. Mwanafunzi anayeacha chuo na kukaa miezi mitatu au zaidi bila kusoma, bila sababu inayokubalika, anaweza kunyang'anywa kibali hata kama tarehe yake haijaisha. Na kazi unayoruhusiwa kufanya, kwa idhini maalumu, ni saa 28 kwa wiki wakati wa masomo, na hadi saa nane kwa siku katika likizo ndefu za chuo. Ukiacha chuo, idhini hiyo nayo haikufai tena. Kwa hiyo "acha chuo uje yadi" maana yake, kisheria, ni kwamba mnatakiwa mtafute kibali kingine cha kazi kwanza.

Kibali hicho kipo. Watafsiri, wakalimani na watu wa biashara ya nje hukipata. Lakini kwa kawaida kinataka mwombaji awe na shahada, au la, miaka ya uzoefu wa kazi hiyo inayoweza kuthibitishwa, na wewe huna bado. Kinataka pia kampuni inayokuajiri iwe imesajiliwa na biashara yake ionekane, na mshahara wako usiwe chini ya ule ambao Mjapani angelipwa kwa kazi ileile. Soma tena hiyo ya mwisho. Baba mdogo amekuahidi "sehemu yako". Sehemu ni neno tamu, ila idara ya uhamiaji haiwezi kulipigia muhuri.

Yeye anasema ameishi miaka yote bila cheti. Ninamwamini. Je, unajua anaishi kwa kibali gani? Wapo waliopata ukaazi kwa ndoa, wapo waliopewa ukaazi wa kudumu baada ya miaka mingi, na hao hawaulizwi shahada wakitaka kufanya kazi. Njia aliyopita inawezekana haipo kwa binti wa miaka 24 asiyeolewa huko. Huenda hajawahi kulifikiria hilo, kwa kuwa kwake halikuwa tatizo. Muulize, tena kwa upole, kama mtu anayetaka kujua historia ya mzazi wake. Ni swali la halali na halina kiburi ndani yake.

Unaona basi kwamba nashindwa kulitazama ombi lake kama adui wa masomo yako. Anataka msomaji wa karatasi atakayekaa naye miaka. Shahada yako ndiyo ingemwezesha kukuajiri hivyo bila mashaka. Hata hivyo sisemi kwamba ukimweleza hivi atalainika. Mtu mwenye pengo la fedha leo huwa hasikii vizuri habari za mwakani.

Na hapo kuna swali la pili: umebakiza nini? Vyuo vikuu vya huko kwa kawaida vinadai mikopo ya masomo 124 ili mtu ahitimu (siyo fedha za kukopa, ni hesabu ya masomo uliyofaulu), na wanafunzi wengi hujitahidi kuimaliza karibu yote kufikia mwisho wa mwaka wa tatu. Mwaka wa nne hubaki semina, tasnifu, na vipindi vichache, kwa sababu ndio mwaka wa kuhangaikia ajira. Makampuni hufungua taarifa zao kwa wanafunzi Machi ya mwaka wa tatu, usaili huanza rasmi Juni, na ahadi za kazi hutolewa rasmi Oktoba. Kama nawe mikopo yako mingi imeshakamilika, basi mnachobishania ni mwaka mwepesi kuliko yote uliyopitia. Kama umebakiza mingi, hilo pia nataka ulijue kabla hujakaa naye. Nenda ofisi ya masomo uchukue hesabu yako kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye mtihani. Umeandika kwamba N1 "imekushinda", kisha papo hapo umeniambia ulipungukiwa alama sita. Binti, ungekuwa mbele yangu ningecheka kidogo, kwa upendo. Wewe lugha yako ya kwanza ina irabu tano kama zao na silabi zinazoishia kwa irabu, ndiyo maana sikio na ulimi vimekuwahi. Wenzako kutoka China wamekuja na maelfu ya herufi walizojifunza utotoni. Wewe kanji 2,136 za matumizi ya kawaida umezianza ukiwa mtu mzima. Kujipima kwa kasi ya macho yao ni kujidhulumu. Hata hivyo sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: ukitaka kuendelea na uzamili katika lugha hiyo, kusoma haraka kutakuwa ndiyo kazi yako ya kila siku, na kama kunakutesa kiasi cha kukukosesha raha, ni vizuri ulijue mapema. Je, unachukia kusoma, au unachukia kusoma kwa saa ya mtihani? Ni wewe tu unayejua.

N1 ina uzito wake nje ya darasa pia. Tangu mwaka 2019 mhitimu wa chuo kikuu cha Japani mwenye N1 anaweza kuomba kibali kinachomruhusu kazi za aina nyingi zaidi, ilimradi zinahitaji Kijapani, hata zile ambazo zamani hazikukubalika kwa mgeni mwenye shahada. Lakini mlango huo unataka vyote viwili, mtihani na shahada. Na kama ukihitimu bila kazi mkononi, unaweza kuomba miezi sita ya kutafuta kazi, na kuiongeza mara moja.

Kuhusu lile darasa lililocheka, naomba nikuulize: profesa alisema nini baadaye? Hukuandika. Yeye ndiye anayetaka uandike juu ya lugha ya heshima. Wanafunzi wangapi katika semina hiyo wamewahi kusimama mnadani na kusikia muuzaji, mkaguzi na dereva wa lori wakibadilisha namna ya kusema kulingana na aliye mbele yao? Wewe unatoka katika lugha ambayo mtoto anafundishwa shikamoo kabla hajajua kuhesabu. Umeichukulia yadi kama kitu kilichokuchafua ulimi. Mimi kwa mbali naona mtu mwenye malighafi ya tasnifu ambayo maktaba haina. Nisikulazimishe, lakini mpelekee profesa wazo hilo uone uso wake.

Turudi kwa deni, maana ndilo linalokunyima usingizi. Nimetafuta katika barua yako mahali ambapo baba mdogo amesema "nilipe". Sijapaona. Aliyeleta punda na mateke ni mama yako, na mama yako yuko Morogoro, amefiwa na mume, ana mtoto wa kidato cha tano anayelipiwa na shemeji yake. Sidhani alikuwa anakuhukumu. Nadhani aliogopa. Na wewe pia unaogopa hilohilo, ada ya mdogo wako, ila hukuliandika. Limekaa katikati ya barua, umelipita harakaharaka. Hofu hiyo ina haki ya kutajwa. Lakini kabla ya kuibeba kama ukweli, kuna namna ya kuuliza: "Baba, na masomo ya mdogo wangu nayo yanategemea jibu langu?" Inawezekana atashtuka kwamba umewaza hivyo. Inawezekana pia atanyamaza, na ukimya huo utakuwa umekujibu, na itabidi tufikiri upya.

Kuna mambo kadhaa unayoweza kumpelekea mezani, na kila moja lina mwiba wake. Unaweza kumwomba umalize mwaka wa nne huku ukimsomea karatasi ndani ya saa zako zilizoruhusiwa, kwa ratiba inayojulikana, tena kwa malipo yanayoandikwa. Hapo picha za usiku wa manane zitakwisha, au zitahesabiwa. Mwiba wake ni kwamba mnada hausubiri ratiba, naye anaweza kuona umekuwa mgeni unayemdai mshahara. Usilegeze lakini kwenye saa 28. Mwanafunzi akizidisha anaweza kunyimwa kibali kipya au kurudishwa nyumbani, na mwajiri naye ana kosa lake mbele ya sheria. Mwambie hivyo kwa sababu unamlinda yeye pia.

Unaweza kumpunguzia mzigo wa ada. Vyuo vingi vya binafsi huko vina punguzo kwa wanafunzi wa kigeni wanaojilipia, na shirika la serikali la huduma kwa wanafunzi, JASSO, lina ruzuku ya yeni 48,000 kwa mwezi kwa baadhi yao, nyingi zikipitia pendekezo la chuo. Hakuna uhakika wa kupata, na muda wa kuomba huja na kupita upesi, kwa hiyo ulizia wiki hii. Hata ukipata nusu, utakuwa unaongea naye ukiwa na kitu mkononi.

Unaweza kumtafutia msomaji mwingine. Kuna wanafunzi Wajapani wanaosomea Kiswahili, Chuo Kikuu cha Osaka kina fani hiyo katika kitivo chake cha lugha za kigeni, na wapo wanaotamani kukitumia nje ya darasa. Magari wanaweza wasiyajue, na mwandiko wa mkaguzi utawatoa jasho pia, lakini wao wana macho ya kanji na baba mdogo ana Kiswahili cha kuwapa. Kama alikuwa akiishi vizuri na yule mzee, hatashindwa kuishi na kijana.

Na unaweza kumkubalia. Nalisema hili kwa uzito uleule. Wapo watu waliofurahi zaidi sokoni kuliko semina, na biashara ya familia siyo kifungo. Ukiona moyo unaelekea huko, fanya kwa njia iliyo wazi: kibali kipi, nani anakiomba, mkataba unasemaje, na chuo kitakubali vipi kama ukitaka kurudi baadaye. Usifikiri likizo ya masomo itakupa mwaka wa kufanya kazi yadi, kwa maana kibali cha mwanafunzi hakikuruhusu kukaa tu huko na kufanya kazi wakati husomi.

Namna ya kumwendea unaijua wewe kuliko mimi, ila kwa simu, hapana. Na Jumamosi katikati ya yadi, na madereva wakipita, hapana pia. Nenda nyumbani kwake, mpikie, muamkie vizuri kama siku zote, umwache amalize habari zake za Noah iliyozama hata kama umeshazisikia. Anza na shukrani, na useme kwa jina kila alichokufanyia. Halafu mwonyeshe hesabu ya mikopo ya masomo na ile habari ya vibali. Kama kuna mtu mzima anayemheshimu, shangazi yako au rafiki yake wa siku nyingi huko Nagoya, si vibaya akiwepo. Na mama yako mwandikie kabla, kwa urefu, kama ulivyoniandikia mimi. Nina shaka kwamba mpaka leo amesikia nusu tu ya jambo lenyewe.

Tazama leo tarehe ya mwisho iliyo kwenye kadi yako ya ukaazi. Ukishaongea naye, uniandikie alivyosema.